Makabidhiano ya Vyumba vya Chini

Mgeni akifika chuoni na kuuliza ofisi iko wapi, ataambiwa "iko étage", yaani ghorofani, naye atainua macho kutafuta ngazi. Ngazi hakuna. Kuna vidaraja vitatu tu vya mawe meusi. Ukivipanda, umefika étage. Wenyeji hawaoni ajabu. Jengo lile lilipojengwa lilikuwa na vyumba sita chini na vyumba sita juu, na ingawa vile vya chini vimekuwa ndani ya jiwe tangu Januari ya mwaka elfu mbili na mbili, volkano ilipoteremka mjini Goma, hakuna aliyeona sababu ya kuvishusha cheo vile vya juu. Juu ni juu, hata kama ardhi imeamua kupanda.

Vidaraja vile vitatu alivijenga Damascène Harelimana kwa mkono wake, na habari hii ni yake. Kwenye karatasi za chuo aliitwa chargé d'entretien. Kwa maneno ya watu wa kawaida, ndiye aliyetafutwa kila kitu kilipokatika, kilipovuja, kilipoziba au kilipoota kutu. Alianza kazi hiyo mwaka wa themanini na tisa akiwa na umri wa miaka thelathini, nywele zote kichwani na magoti yote mawili mazima. Leo ana miaka sitini na sita, na magoti tusiyaulize.

Goma haimhurumii mtunza majengo. Moshi wa mlima hushuka pamoja na mvua ukayala mabati kama panya anavyokula sabuni, polepole na bila aibu. Mabati ya kwanza ya chuo yalikuwa mekundu, ndiyo maana madereva wa pikipiki mpaka leo hupaita "Kwa Mabati Mekundu", ijapokuwa rangi hiyo ilikwisha kitambo na Damascène amekwisha kubadilisha mabati mara nne. Ukitaka choo, huchimbi udongo, kwa maana udongo haupo. Unachukua baramina, kile chuma kirefu cha kuvunjia mawe, unalipigapiga jiwe la volkano wiki sita, na mwisho wake una shimo la kimo cha mtu na mgongo usionyooka. Mwaka wa ishirini na moja mlima ulipolipuka tena, ardhi ilitetemeka siku nyingi na kuta zikapasuka. Damascène alipita na penseli akaandika tarehe kwenye ncha ya kila ufa, apate kujua upi umelala na upi unaendelea kutembea. Nyufa nyingine zina tarehe saba, zimepangana kama vituo vya barabara.

Kisha ikaja vita ya Januari mwaka huu. Risasi zilipokwisha kunyamaza, alilala chali sakafuni saa sita mchana, chumba kimoja baada ya kingine, akihesabu vitobo vya mwanga kwenye mabati. Vilikuwa themanini na vitatu. Aliviziba kimoja kimoja kwa lami na vipande vya mpira wa ndani wa pikipiki. Familia zilizokimbia makwao zilikuwa zimelala madarasani majuma mengi, na madawati ishirini yalikuwa yamekwisha kuchomwa kupikia uji. Hakumlaumu mtu. Mwenye mtoto mwenye njaa haoni dawati, anaona kuni.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Damascène aliziba nyufa miaka thelathini na sita, na kuta akazijenga vilevile. Mimi naona wahenga hawakuwahi kukaa Goma.

Mwaka huu alichoka, uchovu ule ambao usingizi hauuondoi. Aliamka asubuhi katika chumba chake cha mbao kule Katoyi, akatazama viatu vyake, na viatu vikamtazama, na kwa muda mrefu hakuna upande uliotaka kuanza. Mkewe Mukagasana alikuwa katika mji mdogo wa Kiwanja kwa binti yao Umurerwa, sasa mwaka wa tatu, analima. Kila Jumapili alipiga simu, na kila Jumapili alimwambia neno lile lile.

"Papa Umurerwa, maharage hayangoji mtu. Septemba tunapanda. Utakuwa hapa ama hautakuwa?"

Mwezi wa sita akaandika barua. Aliomba kupumzika kuanzia tarehe thelathini na moja Agosti, "kwa sababu ya umri na ya mwili". Jibu lilikuja wiki ile ile: ombi limekubaliwa, chuo kinamshukuru. Alifurahi, na palepale kitu kikamchoma kidogo moyoni. Miaka thelathini na sita, na hakuna hata mmoja aliyemwambia, "Muzee, kwanza ngoja."

Aliyemwambia angoje alikuja baadaye, na alimngojesha kwelikweli.

Huyo alikuwa Mama Kaswera, msimamizi mpya wa utawala, mwanamke wa Butembo aliyefika mwaka uliotangulia. Alikuwa mtu wa haki na wa karatasi. Miaka ya nyuma, kazini kwingine, aliwahi kutia saini orodha ya mali bila kuikagua, na vitu vilipokosekana aliitwa mbele ya watu akajieleza siku tatu mfululizo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Tangu hapo Kaswera hakutia saini hata karatasi ya kupokea chaki kabla hajaihesabu chaki yenyewe.

"Papa Damascène," alimwambia, "barua yako iko muzuri. Sasa tufanye remise et reprise, halafu uende kwa amani."

Kwetu Kongo mtu haachi kazi hivihivi, akatundika kofia na kwenda zake. Kuna remise et reprise, makabidhiano. Anayeondoka anasimama upande huu, anayeingia upande ule, na katikati yao pana orodha ya mwisho iliyotiwa saini. Kitu kimoja kimoja kinasomwa, kinaonyeshwa, kinapigwa alama. Wakimaliza, wote wawili wanatia saini, na yule anayeondoka anapewa karatasi ya kumfungua. Bila karatasi hiyo hata ukihamia mwezini bado una mali ya watu mkononi. Na jina lako litasemwa.

Anayeingia alikuwa Adalbert, fundi umeme wa chuo, mtu wa miaka arobaini na mitano, mpole, mwenye mikono isiyotulia. Alikuwa amefanya kazi pamoja na Damascène miaka kumi na mitano. Walikuwa wamekula fufu ya sahani moja na kushikiliana ngazi ile ile, na Damascène mwenyewe ndiye aliyetaja jina lake alipoulizwa nani anaweza kumrithi.

Basi likabaki jambo la orodha. Kaswera alipekua kabati, akapekua sanduku la chuma la nyaraka za zamani, na alichokipata kilimfanya akae chini. Orodha ya mwisho yenye saini ilikuwa ya Novemba mwaka elfu mbili na moja. Baada ya volkano, kila mkurugenzi aliyekuja alisema "tutaandika mpya", akaondoka kabla hajaandika. Ilikuwa karatasi nne zilizopigwa kwa mashini, zimegeuka rangi ya chai, na chini ya ukurasa wa mwisho palikuwa na saini mbili. Moja ilikuwa ya Muzee Léopold, mkurugenzi wa enzi hizo, ambaye amekwisha kufa. Ya pili ilikuwa ya Damascène, kubwa na ya kujivuna, ya mtu aliyedhani atakuwa kijana siku zote.

Jumatatu asubuhi wakakutana ofisini, watu watatu. Kaswera akaanza kusoma.

"Jengo A, rez-de-chaussée, ile ya chini. Chumba ya kwanza mpaka ya sita. Madawati mia moja makumi ine."

Damascène akatazama sakafu. Yalikuwa hapo chini, pengine mita mbili chini ya soli za viatu vyake.

"Mbao za kuandikia, sita. Kabati, ine. Saa ya ukuta, moja. Mashini ya kuandika, douze, kumi na mbili." Kaswera akainua uso. "Papa, hizi vitu ziko wapi?"

"Ziko fasi yake, mama."

"Fasi gani?"

"Pale pale tuliziweka. Hakuna mwenye aliziondosha."

Kaswera hakucheka, ijapokuwa mdomo ulitaka. Akaendelea mpaka mwisho wa ukurasa. "Funguo za milango ya chini, sita."

Hapo Damascène akatia mkono mfukoni, akatoa waya uliokunjwa duara, na kwenye waya huo funguo sita, zimepakwa mafuta, hazina hata doa la kutu. Akaziweka juu ya meza. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa akizipaka mafuta kila Krismasi, funguo za milango ambayo hakuna mtu atakayeigusa tena hadi kiama, kwa sababu zilikuwa kwenye orodha na saini ilikuwa yake. Kaswera alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akapiga alama mbele ya neno "funguo". Ilikuwa alama ya pekee katika ukurasa ule wote.

"Papa, karatasi haijuwe volkano," akasema kwa upole. "Kwa karatasi, hizi vitu ziko kwa mukono yako. Ningeona PV, karatasi ya ushahidi ya ule wakati, yenye kusema vilipotea namna gani, ningefunga hii ukurasa. Lakini PV haiko. Nafasi iko moja tu: tuandike manquant, usaini, ukwende."

Manquant ni neno dogo. Maana yake kitu hakionekani. Lakini katika ofisi zetu kila mtu anajua linavyosomwa: kilikuwa kwako, hakipo, malizia mwenyewe. Damascène alikuwa amezeeka bila mtu yeyote kumwita mwizi, na katika mji uliopitia yale Goma iliyopitia, hilo si jambo dogo.

"Siandike manquant," akasema.

"Basi Adalbert asaini kwamba anavipokea vile viko, chini ya mawe, na tutaendelea mbele."

Wote wawili wakamgeukia Adalbert. Adalbert alikuwa anaifungua na kuifunga koleo yake ndogo, akifungua na kufunga.

"Mimi hizo siwezi kusaini," akasema. "Samahani, papa. Zingine zote, ndiyo. Hizo za chini, hapana."

Damascène alidhani hakusikia vizuri. Kisha akadhani anaogopa kubebeshwa mzigo, na hilo lilimuuma zaidi, kwa sababu yeye ndiye aliyemfundisha kazi. Alichukua kofia yake akatoka, akaenda kuzibua mfereji wa mvua uliokuwa umeziba tangu Jumamosi, maana mfereji hauna habari na orodha za watu.

Zilikuwa zimebaki siku sita Agosti iishe.

Usiku haukumletea kitu, wala asubuhi. Siku tatu alifanya kazi kimya, na siku tatu hizo jambo moja lilikuwa linamzunguka kama mbwa anayejua mwenye mfupa. Sasa nitalisema, kwa maana yeye hakuwa amelisema kwa mtu yeyote, hata kwa Mukagasana.

Siku ile ya volkano, mchana, moto ulipokuwa tayari kichwani mwa barabara na mji wote unakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na magodoro kichwani, Muzee Léopold alipita getini na familia yake ndani ya gari, akamwambia kupitia dirishani, "Damascène, funga vizuri." Gari likaenda. Damascène akafunga vizuri. Milango sita ya chini, funguo mara mbili kila mmoja, kwa kuhofia waporaji. Alipokuwa kwenye mlango wa sita, kundi la vijana likamjia mbio, nyuso zao zimefungwa vitambaa kwa ajili ya moshi.

"Papa, fungula! Fungula tuokoe mali ya batoto! Tutoe hata madawati!"

Muda ulikuwepo. Hilo ndilo lililomla. Moto wa Nyiragongo mjini ulitembea kama mzee anayetoka kanisani. Nusu saa ilikuwepo, pengine na zaidi. Vijana walikuwa na nguvu. Wangeweza kutoa madawati hamsini, sitini. Naye, mtu mwenye akili zake, funguo mkononi na mbingu nyekundu mgongoni, alifikiria orodha aliyoitia saini miezi miwili nyuma, na akawauliza:

"Nani atasaini?"

Ndivyo alivyosema. Nani atasaini. Walimtazama kana kwamba ana wazimu, wakamtukana tusi moja fupi, wakaenda. Yeye akatia funguo mfukoni akakimbia pia.

Waliporudi baada ya siku kadhaa, mawe bado yalikuwa yanachoma viatu. Vyumba vya chini havikuwapo. Chuo kilianza tena juu, madirisha ya étage yakapasuliwa yakawa milango, na wanafunzi wakakaa watatu watatu kwenye dawati la wawili, wengine kwenye vitofali, wengine kwenye ndoo walizokuja nazo kutoka nyumbani. Kila alipomwona mwanafunzi ameandika mtihani juu ya goti lake, Damascène alilisikia lile swali lake. Alitengeneza madawati kwa mbao za masanduku. Alitengeneza mengi kuliko alivyoagizwa, siku za mapumziko, bila mtu kumwomba. Watu walimsifu kwa moyo wake wa kujitolea. Sifa zile zilikuwa zinamkera, na hakuna aliyejua kwa nini.

Alhamisi Kaswera aliwaita tena. Alikuwa amefanya kazi yake. Alikuwa ameuliza mwanasheria, akapata njia, akaandika PV yeye mwenyewe, nusu ukurasa. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyepata ufunguo wa kabati la mtu mwingine. Akasoma kwa Kifaransa, kisha akawafasiria: tarehe kumi na saba Januari elfu mbili na mbili, vitu vyote vya vyumba vya chini vilimezwa na volkano, lilikuwa jambo lililopita uwezo wa binadamu, hapakuwa na njia wala nafasi ya kuokoa kitu chochote.

"Usaini hapa, papa. Adalbert atasaini kama shahidi kwamba ameelewa. Na siku ya posho, hii Jumamosi, Kiwanja!"

Akampa kalamu. Damascène akaishika. Saini ilikuwa karibu kutoka, mkono ulikwisha kushuka kwenye karatasi, na mkono ukasimama. Mungu wangu, alikuwa amechoka. Alijua kabisa kwamba mtu mwenye busara angetia saini. Magoti yalimwambia tia. Maharage ya Septemba yalimwambia tia.

"Ile maneno ya mwisho, mama, si ya kweli," akasema.

"Gani?"

"Kwamba hakukuwa nafasi ya kuokoa. Nafasi ilikuwako."

Kaswera akavua miwani. "Papa, hizo ni maneno ya karatasi tu."

"Najua. Ni mimi nasaini."

Akamweleza. Alieleza akiwa amesimama, kofia mkononi, bila kupamba: gari la Léopold, milango sita, vijana waliokuja, swali aliloliuliza. Alipomaliza, alihisi aibu mpya juu ya ile ya zamani, kwa maana sasa ilikuwa imetoka na haikuonekana kuwa nyepesi hata kidogo.

"Nikiandika hivyo," Kaswera akasema, "wale ba conseil, wakubwa wa chuo, wanaweza kusema ni kosa yako. Kwamba ulifunga mali ndani."

"Nilifunga."

"Papa Damascène..."

"Tulikuwa wane," akasema Adalbert.

Alikuwa dirishani, amewapa mgongo. Mwanzoni hawakumwelewa.

"Wale vijana. Tulikuwa wane. Mimi nilikuwa ule mwenye alikutukana."

Damascène akamgeukia polepole. Alimtafuta kijana yule katika uso huu wa mtu wa makamo, uso aliokula nao chakula cha mchana miaka kumi na mitano, na hakumpata. Kitambaa kilikuwa kimeficha kila kitu isipokuwa macho, na moshi ulikuwa umeyafanya macho yote ya mji kuwa mekundu namna moja.

"Basi unajua," Damascène akasema. "Unajua niliwakatalia kuokoa mali ya batoto."

"Hapana, papa." Adalbert akageuka. Jasho lilikuwa limemtoka, na chumba hakikuwa na joto. "Hatukukuya kuokoa kitu. Tulitaka mashini. Zile douze za chumba ya ine. Mununuzi tulikuwa tumekwisha kumupata kule Gisenyi. Kama ungetufungulia, hata dawati moja hatungetoa."

Nje, mtu alikuwa anafagia vidaraja.

"Na ile 'mali ya batoto'?" Damascène akauliza.

"Ilikuwa maneno tu. Ya kukulegeza."

"Na Jumatatu ulikatala kusaini..."

"Juu ya zile mashini. Mama alisoma 'mashini douze', mukono yangu ikakatala. Kusaini kwamba nazipokea, mimi mwenye nilitaka kuziiba! Niliona Mungu atanicheka."

Ningependa kuandika kwamba Damascène alisamehe palepale na wakakumbatiana. Hakusamehe palepale. Alikasirika, na hasira yake haikuwa ya zile mashini. Alikasirikia miaka. Aliona madawati yote aliyoyagongomea siku za mapumziko, Jumapili alizokosa misa akipiga randa, kila mwanafunzi ambaye yeye Damascène alimpisha mlangoni ili kumwomba radhi kimyakimya. Deni lote lile alililipa kwa watu ambao hawakumdai.

"Miaka makumi mbili na tatu, Adalbert," akasema. "Kumi na tano uko pembeni yangu. Unakula chakula yangu. Na hauniambie?"

"Ungenifukuzisha kazi."

Damascène akafikiri. Alikuwa mtu wa kweli siku ile, na ukweli ulikuwa tayari mezani.

"Ningekufukuzisha," akakubali.

Hapo Kaswera alishindwa. Alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka puani kabla hajakizuia, akajifunika mdomo na kiganja. Adalbert akamtazama kwa hofu.

"Sasa," Kaswera akasema, akivaa miwani, "mimi niandike nini? Nieleze vizuri, juu hii karatasi itakaa hapa hata sisi wote tukikufa."

Damascène akavuta pumzi. "Andika hivi. Milango ilikuwa imefungwa. Nani aliifunga? Damascène Harelimana. Halafu andika: hakuna kitu kiliibiwa."

"Hakuna kitu kiliibiwa," Kaswera akarudia, akiandika. Alipofika nukta akainua kalamu. "Na batu wane?"

Damascène akamtazama Adalbert, mikono ile isiyotulia sasa imetulia kabisa.

"Batu wane walipita," akasema. "Walikuwa wanakimbia, kama batu wote."

Kaswera aliandika hivyo. Alifuta ile sentensi ya kwamba hapakuwa na nafasi. Mengine aliyaacha. Damascène akatia saini, si ile kubwa ya zamani, bali ndogo ya mtu anayeona vibaya kwa karibu. Adalbert akatia ya kwake chini yake, bila kusita, kwa vitu vyote, vya juu na vya chini. Muhuri ukagongwa mara mbili.

"Ni kwisha, papa," Kaswera akasema. Akampa karatasi yake. "Aksanti sana kwa yote."

Damascène akaikunja mara nne, akaitia katika mfuko wa shati. Alipaswa kuondoka sasa, lakini miguu haikusikia.

"Mama," akasema, "naomba kiti."

Kaswera hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, akainuka haraka akamsogezea kile cha wageni. Katika miaka yote thelathini na sita, katika ofisi ile ya juu na katika ile iliyokuwa chini kabla yake, Damascène alikuwa ameingia mara elfu, kurekebisha kitasa, kupokea amri, kubeba kabati, na hata mara moja hakuna mtu aliyemwambia kaa, wala yeye hakuwahi kuomba. Akakaa. Mgongo uligusa kiti kwa wasiwasi, kama unaogopa kukichafua.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mama wa usafi, ndoo mkononi, nguo zimelowa.

"Muzee, robinet ya nyuma imekatika, maji iko nakwenda mupaka darasani!"

Damascène aliweka mikono miwili juu ya magoti kuinuka. Mwili haukuuliza mtu. Ulikwisha kuinama mbele. Mkono wa Adalbert ukamshika bega, ukamrudisha taratibu.

"Kaa, papa," Adalbert akasema. "Hiyo ni yangu."

Akatoka. Walimsikia anateremka vile vidaraja vitatu mbio, akimwuliza mama wa usafi vana ya kufungia maji iko upande gani. Iko kushoto, chini ya bati, Damascène akataka kupaza sauti, lakini hakupaza. Alikaa tu, na machozi yalianza kumtoka, naye hakuyafuta.